IJUE NAMBA 61,741,120 KIHESABU

Tarehe 31 Oktoba 2022, pale Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza matokeo ya Sensa ya Agosti 23 mwaka huo: Tanzania ina watu 61,741,120. Wengi tunaishia kusema "milioni sitini na moja na ushee" basi. Leo nawamegea namba yenyewe, chukua kalamu twende.

1. VIGAWO VYAKE
Ukiivunja kwa namba tasa unapata 2x2x2x2x2x2x5x7x43x641. Kwa hiyo ni shufwa, inagawanyika kwa 7, na ina vigawo 112. Ila kwa 3 haiendi, maana tarakimu zake ukizijumlisha unapata 22, na 22 haigawanyiki kwa 3. Kwa hiyo mtu akikwambia "theluthi kamili ya watu wote", mwambie haipo, lazima abaki mtu!

2. HIYO 641 NI MAARUFU
Mfaransa Fermat aliamini 4,294,967,297 ni namba tasa. Mwaka 1732 Euler akaonyesha inagawanyika kwa 641. Ndo hiyo hiyo imo kwenye sensa yetu.

3. TARAKIMU NNE ZA MWANZO
6174 aliigundua mwalimu wa shule wa India, Kaprekar. Chukua tarakimu nne zisizofanana zote, panga kubwa kwenda ndogo, toa ndogo kwenda kubwa, rudia. Mfano 2012, mwaka wa sensa iliyotangulia: 2210-0122=2088, 8820-0288=8532, 8532-2358=6174. Haizidi hatua 7, na ukishafika hapo hutoki.

4. JINSI YA KUIHAKIKI
Hapa ndo penyewe. Bara 59,851,347, Zanzibar 1,889,773. Jumlisha tarakimu mpaka ibaki moja: Bara 6, Zanzibar 7. 6+7=13, yaani 4. Jumla kuu nayo 22, yaani 4. Imekubali! Jaribu wanaume 30,053,130 na wanawake 31,687,990, utapata 4 tena. Angalizo: tarakimu zikibadilishana nafasi njia hii haishtuki, so jumlisha kawaida pia.

5. DODOMA YETU
Mkoa ulikuwa na watu 3,085,625, sawa na 5x5x5x5x4937, na 4937 ni tasa.

Kwa nini ujisumbue? Madarasa, zahanati na visima vya kata yako vinapangwa kwa namba hizi. Ikibandikwa karatasi ya mapato na matumizi ofisi ya kijiji, iwe Bahi, Kongwa au Mpwapwa, huhitaji digrii kuikagua. Jumlisha mwenyewe, isipokubali uliza kwenye mkutano.

Kazi kwenu: sensa ya 2012 ilikuwa 44,928,923. Inagawanyika kwa 3? Tupieni majibu hapo chini.