Mulire inaishia wapi?

Mulire, ile mistari ya urembo ambayo fundi anapitisha kwenye ukuta ama chini ya plafo, karibu kila mutu anaiangalia katikati. Lakini shida yake iko kwenye mwisho. Pale inapokatwa bila kukutana na mlango wala kona, unaona tumbo lake: plasta, mbao mbichi, siku hizi polistireni yenye vitundu. Shida hiyo ni ya zamani sana.

Vitruvius, mjenzi wa Roma aliyeandika vitabu 10 juu ya ujenzi katika karne ya 1 mbele ya Yesu, anaeleza mambo hivi katika kitabu cha 4. Zamani hekalu zilijengwa kwa mbao. Miti ya kubeba paa ilitokeza inje, maseremala wakaikata sawa na ukuta. Ila vichwa vilivyokatwa vilikuwa vibaya kwa macho. Basi wakapigilia vibao juu yake, wakavipaka nta ya rangi ya buluu. Kisha watu wakaanza kujenga kwa mawe, lakini wakaendelea kuchonga umbo la vile vibao. Njo ile mistari ya kusimama, triglifu, iliyo kwenye Parthenon ya Athens, iliyoanza kujengwa mwaka 447 mbele ya Yesu. Wanahistoria wa leo wanabishana kama ilipita hivyo kweli. Mimi hadithi hii inanipendeza hata hivyo: kifuniko cha mti uliokatwa kinakuwa urembo wa hekalu lote!

Dawa ingine ya maseremala inatumika mpaka leo. Unakata mwisho wa mulire kwa digri 45, unakata tena kipande kidogo cha pembe tatu kutoka mulire ileile, unakibandika ili umbo ligeuke na kurudi ukutani. Kifaransa wanaita retour. Mutu akiangalia kwa ubavu anaona umbo lilelile. Kipande ni kidogo mpaka msumari unaweza kukipasua, kwa hiyo gundi njo inafaa.

Kwa plasta kazi ilikuwa nguvu zaidi. Fundi alivuta kibao chenye bati lililokatwa kwa umbo la kornishi juu ya plasta ingali laini, tena na tena, mpaka mstari unatoka. Lakini kile kibao hakifiki ndani ya kona, ukuta wa pili unakizuia. Pale alibaki na mukono wake na rula ya chuma. Katikati inaenda mbio, kona inakula siku.

Mwaka 1856 Mfaransa Leonard Alexander Desachy alipata hati ya uvumbuzi Uingereza kwa plasta yenye kitambaa na vijiti vya mbao ndani. Mulire ikaanza kutoka atelier ikiwa tayari na nyepesi. Ni familia ya staff. Mwaka 1893 majumba ya maonyesho ya Chicago yalivikwa staff. Kwa mbali ungesema ni marumaru, na hayakujengwa ili kudumu. Atelier ilimaliza shida ya katikati tu. Kipande kinakuja kimenyooka, mwisho unabaki wa fundi.

Kwetu Bukavu, nyumba za Art Deco za wakati wa Wabelgiji zinaonyesha jibu lingine. Kona inaviringishwa, mstari wa sima unazunguka nayo, na hauna pa kuishia.

Sisi wa agronomia hatushangai. Mfereji wa kuzuia mmomonyoko kwenye milima ya Kivu, ukiacha mwisho wake wazi, maji yote inatokea pale na kuchimba korongo.

Kwa hiyo ukiandika devis ya nyumba na kuhesabu metre peke yake, umelipa katikati. Miisho na kona ziandikwe kando, kila moja na bei yake. Fundi asipolipwa kwa ile kazi atajaza mastiki, atapaka rangi nyeupe juu, utamshukuru. Ufa utauona kisha, yeye akiwa chantier ingine.