Sheria Dar es Salaam, Udaktari Kampala: Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, 1963–1970

Vyuo vikuu vinapotiliana saini hati za makubaliano, maneno huwa yaleyale: utafiti wa pamoja, kubadilishana wanafunzi, kuheshimiana. Historia ya elimu ya juu katika eneo letu inaonyesha kwamba maneno hayo hayajawahi kutosha. Ushirikiano wa vyuo hushika pale kila upande unapokosa kitu ambacho mwenzake anacho, na hulegea mara upande mmoja unapoweza kujitosheleza, hata kama kila mtu bado anausifu. Ushahidi mzito tunao hapa nyumbani, katika chuo kimoja kilichoishi miaka saba tu.

Kabla ya hapo mshirika alikuwa London. Tume ya Asquith, iliyotoa ripoti yake mwaka 1945, ilipendekeza vyuo vya makoloni vilelewe na Chuo Kikuu cha London, na Makerere, Kampala, iliingia katika uhusiano huo maalumu mwaka 1949. Walimu wa Kampala walishiriki kutunga na kusahihisha mitihani, na mtaala uliweza kurekebishwa ulingane na mazingira, lakini neno la mwisho lilikuwa la London na shahada ilikuwa ya London. Wapo wanaoutaja mpango huo kama ukoloni mtupu. Hawakosei, ila wanasahau kwamba shahada hiyo haikudharauliwa popote, na chuo kichanga kinahitaji sana kuaminiwa. Kasoro yake ilikuwa kwingine: London haikuhitaji chochote kutoka Makerere. Mmoja alikuwa mtoaji, mwingine mpokeaji, na mpokeaji hakuwa na cha kuwekea masharti.

Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichozinduliwa Juni 1963, kiliugeuza mpango huo. Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vikawa vyuo vikuu vishiriki vya chuo kimoja, shahada ikawa moja, na Rais Julius Nyerere akawa Mkuu wa Chuo. Masomo ya kawaida ya sanaa na sayansi yangeweza kufundishwa kote, lakini vitivo vya gharama kubwa viligawanywa: udaktari na kilimo Kampala, uhandisi, usanifu majengo na tiba ya mifugo Nairobi, sheria Dar es Salaam, ambako masomo yalikuwa yameanza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kwa wanafunzi wasiofika 20. Hapo kubadilishana wanafunzi hakukuhitaji ofisi wala ufadhili wa muhula mmoja. Mtanganyika aliyetaka uhandisi alifunga sanduku akaelekea Nairobi. Aliyetaka udaktari, awe wa Moshi au wa Kisumu, njia yake ilikuwa Kampala. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka 2011, alisomea sheria Mlimani, Dar es Salaam. Kwa miaka michache, mawakili na majaji watarajiwa wa nchi tatu walikaa darasa moja, jambo ambalo hakuna hati ya makubaliano iliyowahi kulirudia.

Kilichokivunja chuo hicho hakikuwa ugomvi wa wahadhiri. Kila serikali ilikuwa na mpango wake wa kuzalisha wataalamu, na waziri anayehesabu madaktari anaowahitaji hapendi kusubiri nafasi katika mji mkuu wa jirani. Isitoshe, mgawanyo ulirithi pengo la kikoloni: Makerere, iliyoanza 1922, ilikuwa imetangulia mbali, na Dar es Salaam ndiyo iliyobaki nyuma. Basi Dar es Salaam ikawa na shule yake ya udaktari tangu 1963, Nairobi ikafungua ya kwake 1967, Makerere ikaanzisha sheria 1968, na kilimo kikaanza Morogoro 1969. Kufikia Julai 1970, chuo kilipogawanywa kuwa vyuo vitatu vya taifa, kilichovunjwa rasmi kilikuwa kimekwisha kuvunjika kitivo kwa kitivo. Hata uongozi ulikuwa na mvutano ndani yake. Oktoba 1966, wanafunzi wa Kitanzania walipoandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa na mamia yao wakafukuzwa, aliyetoa amri hiyo kama Rais ndiye aliyekuwa Mkuu wa Chuo cha nchi zote tatu.

Atakayepinga atasema: kuvunjika kulikuwa heri, maana vyuo vya taifa vilifungua milango kwa vijana wengi zaidi. Kweli, na hakuna mwenye akili timamu angetaka nchi tatu zibaki na shule moja ya udaktari. Lakini kupanua nafasi hakukulazimu kuacha kugawana masomo adimu, yale yenye wanafunzi wachache na maabara ghali. Hilo lilitupwa pamoja na mengine, na pengo likajazwa na wafadhili wa mbali.

Si kwamba ushirikiano wa mbali hauwezi kuwa na usawa. Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana, Marekani, vilishikana mikono Eldoret mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati kitivo cha udaktari kikiandaliwa, na Indiana ikakubali kuweka daktari wake aishi pale mwaka mzima, mwaka hadi mwaka. Kutokana na ukaribu huo ulizaliwa mwaka 2001 mpango wa AMPATH wa kutibu wagonjwa wa UKIMWI. Wamarekani walipata hospitali ya kujifunzia magonjwa wasiyoyaona kwao. Eldoret ikapata walimu. Hata hapo mizani haijakaa sawa: wanafunzi na madaktari waliokuja kutoka ng'ambo ni wengi kuliko Wakenya waliokwenda huko.

Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, mrithi wa kamati iliyoundwa 1970, lilinusurika hata Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipokufa 1977, kwa sehemu kwa sababu vyuo viliendelea kuazimana watahini wa nje. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza eneo zima kuwa ukanda mmoja wa elimu ya juu. Msisitizo wa tangazo hilo ni ulinganifu wa shahada na ubora. Kuhusu nani afundishe nini, na nani aache, mjadala wa 1963 haujafunguliwa tena.