Walimu wa Kiswahili wa Berlin

Leo naomba tuweke siasa pembeni, tuzungumzie historia. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama una chai, mimina kwanza.

Nina binamu yangu yuko Ujerumani, mwaka wa tisa sasa. Alianza kama wengi walioenda ughaibuni: kubeba maboksi, kuosha vyombo, kulinda ghala usiku. Siku hizi mambo yamenyooka kidogo. Jioni anafundisha Kiswahili, mchana anafanya ukalimani. Ameoa huko huko na wana binti wa miaka mitano, ambaye nikipiga simu ananiamkia "shikamoo" kwa lafudhi ya Kijerumani mpaka bibi anacheka hadi machozi.

Mwezi uliopita huyu kaka alinipigia akiwa amechoka. Akaniuliza: "Mdogo wangu, wewe si mwandishi? Hebu nitafutie. Hivi kabla yetu walikuwepo watu wa kwetu walioishi huku hivi, kwa kazi hii, na mke na watoto? Maana kila nikijieleza kwa watu naonekana kama nimeshuka kutoka mwezini."

Nikamwambia nitatafuta. Nilichokipata kimeninyima usingizi, ndiyo maana naandika.

Jibu fupi ni kwamba walikuwepo, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mwaka 1887 Wajerumani walianzisha mjini Berlin chuo cha lugha za mashariki, ambako watawala, wafanyabiashara na wamisionari wangejifunza lugha kabla ya kupanda meli. Kiswahili kilikuwamo. Walikuwepo maprofesa wa Kijerumani wa kufundisha sarufi, lakini sarufi peke yake haimfundishi mtu kuongea. Alihitajika mwenye lugha yake. Basi wakawa wanaletwa watu kutoka pwani yetu na visiwani kuja kuwa walimu wasaidizi.

Mmoja wao alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda, karibu na Bagamoyo. Alikuwa msomi wa dini, na kabla ya kuondoka alifanya pia kazi ya kukusanya kodi. Alifika Berlin mwaka 1900. Wengi wetu tuliosoma Kiswahili chuoni tumewahi kukutana na kazi yake bila kujua: kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903. Humo mna habari za uzazi, jando, unyago, ndoa, ngoma, madeni na mazishi, yaani maisha yote ya watu wa mrima. Sehemu kubwa ya habari hizo ilitoka kwa Mtoro. Lakini ukitazama jalada la 1903, jina linalosomeka ni la Carl Velten, mwalimu wa Kijerumani aliyezikusanya na kuzichapisha. Ilibidi tusubiri tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1981 ndipo jina la Mtoro likae mahali pake, kama mwandishi.

Hayo ya kitabu tuyaache. Twende kwenye familia, maana ndiko kaka alikouliza.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, msichana wa Kijerumani aliyekuwa akifanya kazi kiwandani. Walioana kisheria, huko huko Berlin. Mwaka 1905 akaamua kurudi nyumbani na mke wake. Mtu amefanya kazi ughaibuni miaka mitano, ameoa, anataka ndugu wamwone mkewe. Jambo la kawaida kabisa, si ndiyo?

Serikali ya koloni, chini ya Gavana von Götzen, ikakataa. Mtoro na Bertha walifika mpaka pwani ya nchi yake na hawakuruhusiwa kushuka. Ikabidi warudi Ulaya. Fikirieni hilo jambo, wadau. Unaiona pwani ya kwenu kwa macho yako, minazi ile pale, halafu mgeni aliyekuja juzi anakwambia huwezi kukanyaga kwa sababu ya mwanamke uliyefunga naye ndoa. Kwao mzungu kuishi na mwanamke wa Kiafrika bila ndoa lilikuwa jambo la kufumbiwa macho. Lakini Mwafrika na mke wa Kizungu wa halali kupita mitaa ya Dar es Salaam, hilo lingeharibu hesabu yote ya nani bwana na nani mtwana.

Mtoro hakuiona tena Bagamoyo. Kwa muda alifanya kazi Hamburg na Profesa Carl Meinhof, kisha akaishi kwa kuzunguka akitoa mihadhara kuhusu Afrika Mashariki. Alifariki Ujerumani mwaka 1927.

Miaka miwili baadaye, 1929, akaingia Berlin kijana mwingine kutoka kwetu. Huyu ndiye aliyenininyima usingizi hasa.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, jina lake Mahjub bin Adam Mohamed. Wajerumani wakaja kumfahamu kama Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Kijerumani, na vita vya 1914 vilipoanza mtoto naye akaingizwa jeshini kujifunza kazi ya kupeleka ishara. Hesabu mwenyewe: alikuwa na miaka kumi. Oktoba 1917 alijeruhiwa kwenye mapigano ya Mahiwa, kule Lindi, akatekwa na Waingereza.

Vita vilipokwisha akawa baharia, akihudumia abiria kwenye meli. Kisha akashuka Berlin na madai mkononi: mshahara wake wa vita, na wa baba yake. Ofisi ikamjibu kwamba amechelewa, muda wa madai umepita. Wangapi hapa mna ndugu waliofuatilia mafao ya mzee mpaka viatu vikaisha? Basi hadithi hiyo si ya leo.

Bayume hakurudi. Akapata kazi ya uweita Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe pale Potsdamer Platz. Januari 27, 1933 akamwoa Maria Schwandner. Iangalieni hiyo tarehe. Siku tatu baadaye, Januari 30, Adolf Hitler akawa Chansela.

Kwa hiyo ndoa ya watu hawa na utawala wa Manazi ni kama mapacha, na nyumba yao ilibidi ijengwe ndani ya utawala huo. Mwaka ule ule wa 1933 wakapata mtoto wa kiume, na 1936 wa kike. Kulikuwa pia na mtoto mwingine wa kiume wa Bayume, aliyezaa na mwanamke mwingine wa Kijerumani mwaka 1933, naye alimkubali kuwa wake. Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa kijana wa mjini, na alikuwa na makosa yake.

Sasa tazameni sheria. Kwa sheria ya uraia ya 1913, mwanamke wa Kijerumani aliyeolewa na asiye raia alipoteza uraia wake. Na watu wa koloni hawakuhesabiwa raia, hata kama walimwaga damu kwa ajili ya bendera ile. Mwaka 1935 zikaja sheria za Nuremberg za kupiga marufuku ndoa na mapenzi kati ya Wajerumani na Wayahudi, na mwaka huo huo serikali ikaeleza kwamba marufuku hiyo iwahusu na watu weusi. Ndoa ya Bayume ilikuwa imeshafungwa, haikuvunjwa. Lakini tangu hapo kila siku ya maisha yake ilikuwa ni ya kuvumiliwa tu.

Mtu wa namna hiyo analishaje watoto? Hapa ndipo pa kujifunza, maana Bayume alikuwa mjanja wa kazi. Alijua ni kitu gani chake Wajerumani walikuwa tayari kukilipia, akakiuza. Cha kwanza kilikuwa lugha. Akafundisha Kiswahili Chuo Kikuu cha Berlin, kazi ile ile aliyoifanya Mtoro miaka thelathini kabla yake, kwa malipo madogo. Wanafunzi walikuwepo kwa sababu Manazi walikuwa wakiota kurudishiwa makoloni. Cha pili kilikuwa sura yake. Kati ya 1934 na 1941 alionekana kwenye filamu zisizopungua 23. Mara boi, mara mpagazi, mara askari. Cha tatu kilikuwa historia yake. Alivaa sare ya askari kwenye mikutano ya wakereketwa wa koloni, wakampigia makofi. Alipoomba nishani ya wapiganaji wa vita ile, wakamnyima. Akajinunulia mwenyewe dukani, akaivaa.

Najua kuna watakaosema huyu alikuwa kibaraka. Nimelifikiria sana hilo. Filamu yake kubwa kuliko zote ilitoka mwaka 1941 na iliitwa Carl Peters. Ndiyo, Peters yule yule tuliyefundishwa shuleni, Mkono wa Damu, aliyewanyonga watu Kilimanjaro mpaka serikali yake mwenyewe ikamfukuza kazi mwaka 1897. Manazi walitaka kumfanya shujaa. Na mtoto wa Dar es Salaam akacheza kama Ramasan, mtumishi mwaminifu wa Peters.

Inauma. Lakini jiulize, alikuwa na soko gani lingine? Cheo cha ualimu kamili asingepewa. Uweita aliupoteza. Kurudi Tanganyika ya Waingereza na mke Mjerumani na watoto, kwa nauli ipi na kwa makaratasi yapi? Alikuwa na nyumba ya kulisha ndani ya nchi iliyomtaka awe boi kwenye filamu na isiyomtaka awe baba mtaani. Ni rahisi kumhukumu ukiwa umekaa Sinza na kikombe cha chai.

Msiba ukaanzia nyumbani. Watoto wake wawili wa ndoa walifariki wakiwa wadogo, kabla mambo ya baba yao hayajafika mwisho. Mwaka 1939 vita ilipoanza alijitolea kuingia jeshini, wakamkataa. Mwaka 1941 akaacha kufundisha. Na mwaka huo huo ikajulikana kwamba alikuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Polisi wa siri, Gestapo, wakamkamata. Hakukuwa na kesi wala hakimu. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin. Alikaa humo miaka mitatu. Novemba 24, 1944 akafariki, akiwa na miaka arobaini.

Kwa hiyo filamu iliyomwonyesha kama mtumishi mwaminifu wa Wajerumani ilitoka mwaka ule ule waliomfunga. Sura yake ilibaki kwenye filamu, mwenyewe yuko nyuma ya seng'enge.

Ukiwaweka Mtoro na Bayume pamoja, unaona kitu kimoja. Wenyeji walikitaka Kiswahili. Walilipia lugha, desturi, sauti, sura. Hawakumtaka Mswahili kamili, yule mwenye mke, mtoto, kodi ya nyumba na hamu ya kwenda kusalimia wazazi. Mtoro walimzuia alipotaka kumleta mkewe nyumbani. Bayume walimvumilia maadamu anafundisha na kuigiza, na siku alipohesabika kama mwanamume wa kawaida mwenye tamaa za kawaida, wakamuua. Kazi ya kuunganisha watu wa mila mbili ni nzuri, lakini swali la kuuliza tangu siku ya kwanza ni hili: wananitaka mimi na walio nyuma yangu, au wananitaka kwa saa za kipindi tu?

Mambo ya sasa si ya mwaka 1941, nisije nikaeleweka vibaya. Binamu yangu ana kibali, mkewe hakupoteza uraia, na binti anasoma chekechea na wenzake. Lakini aliniambia kwamba kuna ofisi aliyokwenda kukalimani, wakamsifu sana, na wiki iliyofuata alipokwenda hapo hapo kwa shida ya makaratasi yake mwenyewe, akaongeleshwa kama mtoto. Mtu huyo huyo, kaunta hiyo hiyo.

Basi nilimpigia, nikamsimulia yote haya. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Nikamwambia kwamba Berlin, Brunnenstraße namba 193, mbele ya nyumba, kuna jiwe dogo lililozikwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, lina kibamba cha shaba chenye jina la Bayume. Liliwekwa mwaka 2007. Watu wanapita juu yake kila siku wakienda kazini.

Akasema, "Mdogo wangu, mimi nimepita mtaa huo mara nyingi tu."

Juzi akanitumia picha. Binti yake amechuchumaa barabarani na koti lake jekundu, kidole kwenye herufi, anasoma. Kaka ameandika chini yake: "Ameniuliza huyu babu ni nani. Nimemwambia alikuwa mwalimu wa Kiswahili, kama baba."