Upigaji picha wa ndege za kihistoria katika Uwanja wa Wilson, Nairobi

Upigaji picha wa ndege za kihistoria katika Uwanja wa Ndege wa Wilson ni kazi ya kuhifadhi kwa kamera sura ya ndege za vizazi vilivyopita, hasa zile za rafadha, yaani pangaboi linaloivuta ndege hewani, zinapoegeshwa, kukarabatiwa au kurushwa katika uwanja huo ulio kando ya Barabara ya Lang'ata. Mpiga picha anayetoka mtaa wa Ngara hulazimika kulivuka jiji ili kuufikia, ingawa uwanja mkongwe ulio karibu naye zaidi ni ule wa Eastleigh, ng'ambo ya Pangani, uliokuwa lango la kimataifa la Nairobi hadi ule wa Embakasi ulipofunguliwa mwaka 1958. Eastleigh ni kituo cha Jeshi la Anga, na raia hawaruhusiwi kupiga picha huko. Hivyo mkazi wa Ngara amebakiwa na Wilson.

Uwanja huu ulianza enzi za shirika la Wilson Airways, lililoanzishwa mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson akishirikiana na rubani Tom Campbell Black, yule ambaye mwaka 1934 alishinda pamoja na C. W. A. Scott mashindano ya kuruka kutoka Uingereza hadi Melbourne. Ukijulikana kwanza kama uwanja wa Nairobi West, ulitumiwa na jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na mwaka 1962 ukapewa jina la Florence Wilson. Tofauti na Duxford nchini Uingereza, ambako ndege kongwe hutunzwa ndani ya makumbusho, Wilson ni uwanja wa kazi: Dakota, yaani ndege ya Douglas DC-3 ambayo ya kwanza ya aina yake iliruka mwaka 1935, iliendelea kubeba watalii na mizigo kutoka hapa miongo mingi baada ya wenzake wa umri wake kustaafishwa kwingineko. Ndege ya namna hiyo hupakwa rangi upya, huuzwa nchi jirani, au hung'olewa vipuri nyuma ya banda bila tangazo lolote, na mara nyingi picha ndiyo kumbukumbu pekee inayobaki.

Kwa sababu hiyo, kitu cha kwanza kinachotakiwa kuonekana kwenye picha ni herufi za usajili zilizoandikwa ubavuni. Ndege za Kenya ya kikoloni zilianza na VP-K. Baada ya uhuru Kenya ilitumia 5Y, Tanzania 5H na Uganda 5X, na ndege za East African Airways, shirika la pamoja lililoundwa mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977, zilisajiliwa katika nchi hizo zote tatu. Mwenye kuzijua herufi hizo huweza kukadiria umri wa picha isiyo na tarehe. Huweza pia kutambua jambo ambalo vitabu vingi hulipita kimya: ndege aina ya Vega Gull ambayo rubani Beryl Markham aliirusha peke yake kutoka Uingereza mwezi Septemba 1936, akavuka Atlantiki na kuangukia tope la Nova Scotia, ilikuwa na herufi VP-KCC, yaani ilikuwa ndege ya Kenya.

Kiufundi, tatizo kubwa ni rafadha. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia, ikiwa sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, rafadha inayozunguka mara 2,000 kwa dakika husogea takriban nyuzi 12 tu, na ndege iliyo angani huonekana kana kwamba injini imezimika. Kasi ikishushwa hadi sehemu moja ya 125, rafadha husogea zaidi ya robo ya mzunguko na kuacha ukungu wa mviringo unaopendeza, lakini mpiga picha hana budi kuifuata ndege kwa kamera bila kutikisika, ustadi usiopatikana kwa siku moja.

Mwanga nao una masharti yake. Upande wa watu na majengo uko kaskazini, kuelekea Barabara ya Lang'ata, ilhali kusini kumepakana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Kwa hiyo mwezi Desemba, jua linapokuwa kusini, picha nyingi za mchana hupigwa dhidi ya mwanga, na mwezi Juni jua huwa mgongoni mwa mpiga picha. Bahati mbaya ni kwamba Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya mawingu mazito Nairobi. Mchana wenye jua kali, joto linalopanda kutoka kwenye lami hupotosha picha za mbali, na saa mbili asubuhi hufaa kuliko saa saba mchana.

Kiwanja kiko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ya Kenya. Ruhusa ya uwanja na ya mwenye ndege hutafutwa mapema, na droni haziruhusiwi karibu na njia za kurukia bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kupenyeza lenzi kwenye ua ili kukwepa utaratibu huo ni upumbavu, si ujasiri.

Makosa mabaya zaidi, hata hivyo, hutokea kwenye maelezo ya picha. Ndege ya mwindaji Denys Finch Hatton, Gipsy Moth yenye herufi G-ABAK, iliteketea pamoja naye huko Voi tarehe 14 Mei 1931. Ile iliyoigiza nafasi yake katika filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985 ni G-AAMY, ndege nyingine kabisa. Picha ya ndege ya pili ikichapishwa kwa jina la ndege ya kwanza hupotosha historia, hata ikiwa imepigwa kwa ustadi wa hali ya juu.