Bunge hutunga adhabu, lakini Katiba imeliwekea mipaka

KILA uhalifu wa kutisha unapotikisa nchi, sauti hupazwa zikilitaka Bunge litunge sheria kali zaidi na kuwanyima majaji nafasi ya kuwahurumia wahalifu. Chini ya Kifungu cha 94 cha Katiba, kazi ya kutunga sheria za kitaifa ni ya Bunge. Hata hivyo, si kila sheria inayopitishwa na wabunge inaweza kusimama mahakamani.

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 inatamka katika Kifungu cha 2 kwamba sheria yoyote inayokinzana nayo ni batili kwa kiasi cha ukinzani huo. Kifungu cha 165 nacho kinaipa Mahakama Kuu mamlaka ya kuamua iwapo sheria fulani inakiuka Katiba.

Mpaka wa kwanza unahusu mahakama zenyewe. Mwaka 1988 Bunge lilibadilisha Katiba ya zamani na kuwaondolea majaji ulinzi wa kikazi, hata wakawa katika hatari ya kufutwa kwa urahisi. Ulinzi huo ulirejeshwa mwaka 1990. Waliotunga Katiba ya sasa hawakusahau funzo hilo.

Kifungu cha 160 kinasema kuwa Idara ya Mahakama haitatawaliwa wala kuelekezwa na mtu au mamlaka yoyote. Bunge haliwezi kufuta wadhifa wa jaji wa mahakama ya ngazi ya juu ilhali kuna anayeushikilia, wala mshahara na marupurupu ya jaji hayawezi kubadilishwa kwa njia ya kumuumiza. Aidha, kwa mujibu wa Kifungu cha 255, mabadiliko ya Katiba yanayogusa uhuru wa mahakama ni lazima yaidhinishwe na wananchi katika kura ya maamuzi.

Mpaka huo ulijaribiwa baada ya Bunge kurekebisha Sheria ya Huduma za Mahakama mwaka 2015 ili Tume ya Huduma za Mahakama (JSC) imkabidhi Rais majina matatu, naye amchague mmoja kuwa Jaji Mkuu. Chama cha Mawakili nchini (LSK) kilienda kortini. Mei 2016, majaji watano wa Mahakama Kuu waliamua kuwa marekebisho hayo yalikiuka Katiba, kwani Rais humteua Jaji Mkuu kulingana na pendekezo la JSC baada ya Bunge la Taifa kuliidhinisha.

Mpaka wa pili unahusu adhabu. Kifungu cha 50 kinakataza mtu kuhukumiwa kwa tendo ambalo halikuwa kosa lilipotendwa. Iwapo adhabu ya kosa imebadilishwa kati ya siku lilipotendwa na siku ya hukumu, mshtakiwa ana haki ya kupewa ile iliyo nafuu. Kifungu cha 25 nacho kinaeleza kuwa haki ya kusikizwa kwa usawa, pamoja na ulinzi dhidi ya mateso na adhabu za kikatili, haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile.

Ni haki hiyo ya kusikizwa iliyozua mvutano mkubwa. Kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kiliamuru kwamba kila aliyepatikana na hatia ya mauaji ahukumiwe kifo. Jaji hakuwa na hiari. Aliyeua kwa kupanga na aliyeshiriki kwa kiasi kidogo walipokea hukumu moja, hata kama kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Tangu mwaka 1987 hakuna mfungwa aliyenyongwa nchini, lakini hukumu hizo ziliendelea kutolewa. Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha wafungwa zaidi ya 4,000 mwaka 2009, naye Rais Uhuru Kenyatta akafanya hivyo kwa wafungwa 2,747 mwaka 2016.

Julai 2010 Mahakama ya Rufaa iliamua kuwa hukumu hiyo ya lazima inakiuka Katiba, kisha mwaka 2013 ikabadili msimamo. Desemba 14, 2017, Mahakama ya Juu ilimaliza ubishi huo katika kesi ya Muruatetu. Iliamua kwamba sheria inayomzuia jaji kupima maelezo ya mshtakiwa kabla ya kumhukumu inamnyima haki ya kusikizwa. Adhabu ya kifo yenyewe haikufutwa. Kilichoondolewa ni ulazima wake.

Uamuzi huo uliamsha matumaini magerezani. Waliofungwa kwa wizi wa mabavu na unajisi nao walimiminika kortini wakiomba kuhukumiwa upya, na baadhi yao wakapunguziwa vifungo. Julai 6, 2021, Mahakama ya Juu ilieleza kuwa uamuzi wake ulihusu kosa la mauaji pekee. Anayepinga adhabu ya kosa jingine sharti awasilishe kesi yake kuanzia Mahakama Kuu.

Julai 12, 2024, mahakama hiyo ilifafanua zaidi. Katika kesi ya unajisi, Mahakama ya Rufaa ilikuwa imepunguza kifungo cha miaka 20, ambacho ndicho cha chini kabisa kilichoruhusiwa katika kesi hiyo chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, hadi miaka 15. Mahakama ya Juu ilirejesha miaka 20. Ilisema kuwa adhabu ya lazima humwachia jaji chaguo moja tu, ilhali kiwango cha chini humwekea sakafu na kumwachia nafasi ya kupima kilicho juu yake.

Kwa hivyo mpaka huo unawahusu wote wawili. Bunge linaweza kutangaza uzito wa kosa na kuweka viwango, lakini haliwezi kuugeuza usikilizaji wa mshtakiwa kuwa jambo lisilo na maana. Jaji naye hawezi kupuuza kiwango kilichowekwa kisheria kwa kuwa tu anakiona kikali mno. Na mfungwa aliyemaliza rufaa zake zote bado anaweza kumwomba Rais msamaha chini ya Kifungu cha 133.