Barua ya Yezebeli na Kiti cha Jaji



Wapendwa taifa la Mungu, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, Nabothi anauawa kwa hukumu iliyofuata taratibu: wazee wameketi, mashahidi wawili wameletwa, shtaka limetamkwa. Kasoro ni moja. Wazee wale walikuwa wamekwisha kupokea barua ya Yezebeli yenye muhuri wa mfalme Ahabu, na hukumu ilikuwa ndani yake.

Waingereza, kwa sheria ya mwaka 1701, walimnyima mfalme uwezo wa kumwondoa jaji kwa hiari yake tu. Mwaka 1748 Mfaransa Montesquieu akafundisha kwamba hakuna uhuru pale ambapo mamlaka ya kuhukumu hayakutengwa na yale ya kutunga sheria na ya kuitekeleza.

Jirani zetu wa Kenya walilipima fundisho hilo kwa maisha yao. Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 iliwalinda majaji wasifukuzwe ovyo. Mwaka 1988 Bunge la chama kimoja liliuondoa ulinzi huo, Rais akapata uwezo wa kuwafukuza. Mahakama hazikufungwa, majoho yaliendelea kuvaliwa. Lakini jaji awezaye kufukuzwa na mmoja wa wenye kesi, atampimaje kwa haki?

Ulinzi ulirudishwa mwaka 1990. Katiba ya mwaka 2010 ikaagiza kwamba jaji asiondolewe ila kwa njia ya Tume ya Huduma za Mahakama na jopo la uchunguzi. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha ushindi wa Rais aliyekuwa madarakani. Alisema hakubaliani na uamuzi huo, lakini uchaguzi ulirudiwa mwezi Oktoba.

Papa Yohane Paulo II, katika waraka Centesimus Annus wa mwaka 1991, alifundisha kwamba ni vema kila mamlaka yasawazishwe na mamlaka mengine. Kanisa linajua sababu: mwanadamu, hata aliye mwema, amejeruhiwa na dhambi ya asili.

Nabii Eliya alimkemea Ahabu kwa ujasiri, lakini alipofika Nabothi alikuwa amekwisha kufa. Katiba njema hukusudia kufika mapema zaidi, kabla barua haijaandikwa. Basi, tunapowaombea majaji wetu hekima, tuulize pia ni nani awezaye kuwafukuza, na kwa utaratibu gani.