Ziwa Likitulia

Kipupwe cha Mwanza hakimtishi mtu. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua hukatika, upepo wa kusini-mashariki hukausha njia za Nyamagana na Ilemela, na usiku unaohesabika kuwa wa baridi ni ule ambao joto limeshuka karibu na nyuzi 15. Mtu wa Makete angelala bila blanketi. Ndiyo maana tahadhari zetu karibu zote zimeelekezwa kwenye mvua: radi, Mto Mirongo unapofurika, dhoruba za usiku ziwani. Hofu hizo zina msingi. Hata hivyo, historia ya mwambao huu inatufunza jambo ambalo hatujalizingatia vya kutosha: misiba miwili mikubwa ya usafiri wa abiria upande wetu wa ziwa haikuletwa na dhoruba. Ilitokea hali ya hewa ikiwa shwari, pale ambapo hakuna kilichomshtua mtu ahesabu, akague au akatae kuondoka.

Hofu ya ziwa ilikuwa na kazi yake. Kabla ya meli, watu wa visiwa walivuka kwa mitumbwi, mingine ya mbao zilizoshonwa kwa kamba, wakipenda kuambaa pwani na kungoja upepo utulie. Hata Stanley, alipoishusha mashua yake Lady Alice majini pale Kageye mnamo Machi 1875, alilizunguka ziwa kwa kufuata kingo zake. Mpiga kasia alikuwa mkaguzi wa chombo chake mwenyewe: mzigo ukizidi, aliyaona maji yakipanda hadi karibu na ukingo, akashusha gunia. Meli za mvuke zilipoanza kazi mwanzoni mwa karne ya 20, na reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, abiria na pamba vilipata chombo kirefu cha chuma ambacho wimbi la kawaida halikitikisi. Hayo yalikuwa maendeleo ya kweli. Lakini aliyeketi daraja la tatu hakuweza tena kuona maji yamefika wapi. Ukaguzi ulihama kutoka kwenye jicho lake ukaenda kwenye karatasi za ofisini, naye akabaki kuziamini.

Tarehe 21 Mei 1996 karatasi hizo hazikutosha. MV Bukoba, iliyoruhusiwa kubeba abiria 430, ilipinduka asubuhi ikiwa imekaribia kabisa Mwanza, upande wa Bwiru. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu, walikojaa wengi zaidi, halikuwa na orodha. Waliokufa wanakadiriwa kuzidi 800, na wengi wao wamezikwa Igoma. Kuna jambo moja katika msiba huo linalostahili kutajwa kila mara. Meli ilipokuwa imeelea kichwa chini, waokoaji walitoboa ubavu wake ili wawatoe waliokuwa hai ndani. Hewa iliyokuwa ikiishikilia juu ya maji ikatoka, meli ikazama. Hawakukosa ujasiri. Walikosa maandalizi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri kwamba meli ingepinduka mchana, bandari ikiwa karibu.

Miaka 22 baadaye likatokea lile lile. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Ukerewe kwenda kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Kilikuwa na zaidi ya mara mbili ya hao, pamoja na mahindi, ndizi na saruji walizonunua gulioni. Hatua chache kabla ya gati la Bwisya, watu walisogea upande mmoja wakijiandaa kushuka, kivuko kikalala. Walikufa watu 228, ndugu zao wakiwatazama kutoka ufukweni. Fundi mmoja alitolewa akiwa hai baada ya siku mbili, amekaa penye hewa karibu na injini.

Atatokea wa kunipinga, na ana haki. Atasema kwamba dhoruba ndizo zinazowamaliza wavuvi wa dagaa, ambao hufanya kazi usiku wa giza kwa taa, wakati ule ule ambao upepo wa nchi kavu hukutana katikati ya ziwa na kuzaa mawingu ya radi. Atanikumbusha ndege ya Precision Air iliyoanguka ziwani Bukoba katika hali mbaya ya hewa tarehe 6 Novemba 2022, wakafa watu 19, na wavuvi ndio waliokuwa wa kwanza kufika kuokoa. Yote ni kweli, na utabiri wa ziwa unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa unapaswa kumfikia kila mvuvi mwaloni. Ila utabiri ulio sahihi kabisa usingeiokoa MV Nyerere. Ungesema siku ni njema, na ungekuwa umesema kweli.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: watu hujazana kwa sababu hawana njia nyingine. Mama wa Ukara mwenye gunia la mahindi hawezi kuambiwa angoje kivuko kisichokuwapo. Nakubali, na kwa hiyo simlaumu abiria. Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na hoja kama hiyo, wenye meli wakidai mabaharia wanajua hatari ya kazi yao, hadi sheria ya mwaka 1876 ilipolazimisha alama ya kina ichorwe ubavuni mwa meli. Waliofaidika na sheria hiyo walikuwa mabaharia maskini. Uhaba wa vyombo unadai vyombo viongezwe. Haumpi yeyote ruhusa ya kuacha kuhesabu.

Kanuni hiyo hiyo, kwamba utulivu huficha hatari, iko nyumbani. Katika msonge wa nyasi, moto ulikokwa ndani na moshi ukapenya paani. Leo, usiku wa kipupwe, jiko lile lile la mkaa huingizwa katika chumba cha matofali chenye dirisha la vioo lililofungwa, na gesi yake, isiyo na harufu wala rangi, haina pa kutokea. Nyumba imebadilika, mazoea yamebaki. Na barabarani, Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, lenye urefu wa kilomita 3, limewaondolea wasafiri foleni ya kivuko na hatari ya maji. Ni jambo la kushukuru. Lakini lami kavu iliyonyooka humshawishi dereva akanyage mafuta kuliko barabara ya matope.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wakaguzi wa bandari, wakuu wa vivuko na askari wa usalama barabarani wa Kanda ya Ziwa: zidisheni ukaguzi siku za magulio na miezi ya jua, wala msingoje masika. Pasiwe na kamba inayofunguliwa gatini kabla jina la kila abiria, wa daraja lolote, halijaandikwa kwenye orodha inayobaki nchi kavu.